Boti ya kioo: Watamu, Malindi, Mombasa au Kisite, wapi utayaona matumbawe vizuri?

Kila ikifika Novemba simu yangu haitulii. Ndugu, marafiki, watu waliosoma na mume wangu, wote wa bara na wote swali ni moja: tunakuja pwani Disemba, tunataka kuona samaki na matumbawe lakini hatujui kuogelea, tupande boti ya kioo wapi? Kueleza kwa simu mtu anashika bei anasahau habari ya maji, akifika anaona mchanga mtupu anarudi kwao anasema pwani hakuna kitu. Kwa hivyo naandika yote hapa, nalinganisha sehemu nne ninazozijua vizuri, Watamu, Malindi, Mombasa upande wa Nyali na Bamburi, na Kisite kule Shimoni. Naishi Mtwapa na nyingine kati ya hizi sijui nimeenda mara ngapi, manake kila mgeni anayefikia kwangu lazima aende baharini.

Nianze na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, kwa sababu yeye ndo amenifanya niyajue haya. Ni mtu wa Taita, kule juu Wundanyi, bahari ameiona akiwa mtu mzima kabisa na maji yakimfika magotini anarudi nchi kavu. Mara ya kwanza nilimpeleka Malindi mwezi wa tano, masika yamepamba moto, nikaona boti imeandikwa kioo chini nikalipa bila kuuliza mtu yeyote. Tulikaa saa nzima tunaangalia maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mwenye boti alikuwa anajua, yale maji ameyaona tangu asubuhi, lakini pesa alichukua na hakutuambia. Tulipofika ufuoni mavyaa akanishika mkono akasema, "Asante mwanangu, umenitembeza, lakini mimi sijaona kitu." Iliniuma sana. Mwaka uliofuata nikampeleka Watamu mwezi wa pili, siku nimeichagua kwa hesabu ya maji, na alichokiona siku hiyo nitakisema huko mbele.

Sasa kabla ya kulinganisha mahali, elewa kwanza hii boti yenyewe inataka nini, ukishaelewa hilo nusu ya kuchagua umeshamaliza. Ni boti ya mbao au ya faiba, katikati ya sakafu wamekata wakaweka kioo kinene chenye fremu, mabenchi yako pembeni mnakaa mnaangaliana na macho yote chini. Juu lazima iwe na paa, na hilo paa si la kukukinga wewe jua peke yake, kazi yake kubwa ni kukinga kioo, kwa sababu mwanga ukikipiga kutoka juu kinageuka kioo cha kujitazamia, unaona uso wako na mawingu, samaki huwaoni. Boti ya paa dogo au turubai lililochanika iache hata kama bei ni nzuri. Halafu maji yenyewe yanavuta vitu karibu, jiwe lililoko mita 4 chini utaliona kama liko mita 3, hapo kioo kinakupendelea. Lakini rangi zinapotea kadiri kina kinavyoongezeka, nyekundu ndo ya kwanza kwenda, ukipita kama mita 5 kila kitu kinaanza kuwa kibluu kibluu tu. Kwa hivyo boti ya kioo inataka vitu vitatu: maji ya kina kidogo, maji masafi, na maji yaliyotulia. Sehemu inaweza kuwa na matumbawe mazuri kuliko zote duniani lakini kama yako mita 12 chini hayo ni ya wapiga mbizi, si yetu sisi wa kioo.

Na hayo matatu hayategemei mahali tu, yanategemea siku. Wengi wanachagua hoteli, wanachagua ufuo, siku wanaacha iamuliwe na likizo. Mimi ningeanza na siku.

Upepo kwanza. Kaskazi ikiingia, Disemba mpaka Machi, bahari yetu inalala na maji yanakuwa meupe, na hata Oktoba na Novemba wakati wa matlai ni kuzuri. Kusi ikianza kuvuma, tuseme Aprili mpaka Septemba, mawimbi yanakuwa makubwa, mchanga unafumka na mvua za masika zinaleta tope, utapata siku nzuri moja moja lakini usisafiri kutoka Nakuru kwa ajili ya hiyo moja. Kama likizo yako ni Agosti na haiwezi kusogea basi chagua Watamu, nitasema kwa nini.

Halafu kujaa na kupwa. Maji ya pwani yetu yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, kama masaa sita yakipanda na sita yakishuka, na kila siku saa inasogea mbele, kwa wastani kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, hapo tofauti ya maji kujaa na maji kukupwa huku Mombasa inaweza kuzidi mita 3, na katikati yake ni siku za maji mafu, yanasogea kidogo tu. Sasa hapa ndo pana siri ambayo wavuvi wote wanaijua na wageni hawaambiwi: siku za bamvua maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne saa tano asubuhi, yanakupwa sana mpaka boti haiwezi kupita juu ya matumbawe bila kuyagonga. Lakini acha zipite siku mbili tatu, ufike mwezi kumi na saba, kumi na nane, yaani siku za tangu mwezi uandame, au kule mwanzoni mwezi tatu, mwezi nne, maji kukupwa yanaangukia karibu na saa sita mchana, hayajakauka kupita kiasi, matumbawe yako karibu na kioo, mwamba wa nje unayavunja mawimbi na ndani kumetulia, na jua liko utosini linapiga moja kwa moja chini. Ukiipata siku hiyo kwenye kaskazi, hata nahodha asiye mzuri atakuonyesha kitu. Huna haja ya kununua chochote, muulize mvuvi yeyote pale ufuoni "maji yanakupwa saa ngapi leo?" atakujibu bila kufikiri, au angalia kwenye simu, ziko programu za maji kujaa na kupwa.

Basi tuje kwenye mahali.

WATAMU ndo jibu langu kwa mtu wa mara ya kwanza, na kwa mzee, na kwa mtoto. Hii hifadhi na ile ya Malindi zilitangazwa pamoja 1968, ni kati ya hifadhi za kwanza kabisa za bahari Afrika, ina maana hapo hapavuliwi kwa zaidi ya miaka 50, na unaliona hilo kwa macho, samaki ni wakubwa na hawakimbii boti. Matumbawe yenyewe hayako kama ukuta mmoja mrefu, yako vichwa vichwa, jiwe moja hapa, mchanga mweupe, jiwe jingine kule, na boti inatoka jiwe hadi jiwe, kwa hivyo kila dakika chache kuna kitu kipya chini ya miguu yako. Kutoka ufuoni si mbali, mtu wa kichefuchefu hateseki sana. Na kwa sababu hakuna mto mkubwa unaomwaga pale jirani, maji yanawahi kusafika baada ya mvua, ndo maana nikasema hata Agosti bora huko.

Ile siku na mavyaa tulikuwa boti ya watu wanane, maji yanakupwa saa sita kasoro. Nahodha alipofika juu ya matumbawe akazima injini akachukua upondo, akawa anaisukuma boti taratibu pembeni ya jiwe moja kubwa la duara kama ghala la mahindi. Ukimya ule baada ya injini kuzima ni kitu kingine kabisa. Mavyaa akainama mpaka kilemba kikagusa kioo. Pono watatu wa kijani na bluu wakaja wakaanza kung'ata lile jiwe, unaona kabisa mdomo ulivyo kama wa kasuku, wanang'ata, wanaachia kovu jeupe, halafu mmoja akatoa wingu la mchanga kwa nyuma. Nahodha akasema, "Mama, huo mchanga mweupe uliokanyaga asubuhi, mwingi umetoka kwa hawa." Mavyaa akamtazama kuona kama anamtania. Hamtanii, ni kweli, pono anasaga tumbawe akitafuta chakula, na anachotoa ni mchanga.

Halafu akauliza swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kusikia kwenye boti: "Haya mawe yanaota?" Yanaota. Si mawe, ni wanyama wadogo wadogo mno wanaishi maelfu pamoja wakijijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao kuna vimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyowapa chakula na hiyo rangi. Yale ya duara makubwa yanakua kama sentimita 1 kwa mwaka. Jiwe letu lile lilikuwa mita 2 hivi kwenda juu, piga hesabu mwenyewe, ni kama miaka 200. Mavyaa alinyamaza kidogo akasema kwa hiyo hili lilikuwepo kabla ya babu yake.

Ukitoka hapo nyanyuka mpaka Gede, ni karibu sana, kuta zote za ule mji wa zamani ni za matumbawe haya haya, sawa na nyumba za Lamu na ngome yenyewe ya Fort Jesus. Gede ilitiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kwa mtu aliyetoka kuliona tumbawe likiwa hai saa mbili zilizopita, ule ukuta anaugusa kwa namna nyingine. Hii peke yake ndo inanifanya nisipende kumpeleka mtu mahali pengine kama ana siku moja nzima.

Na kasa. Watamu kasa wanazalia ufuoni na wanakula nyasi bahari kwenye yale maji ya ndani, kwa hivyo nafasi ya kumuona kupitia kioo ipo ingawa hakuna wa kukuahidi. Local Ocean Conservation wako hapo tangu 1997, wanalinda mayai na wanatibu kasa walioumia na nyavu au plastiki, na wana kituo unaweza kukitembelea ukaelezwa. Kama watoto wamekosa kasa baharini, wapeleke pale wasirudi kinyonge.

Ubaya wa Watamu? Bei ya malazi Disemba inapanda juu sana, na kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 100, matatu itakushusha Gede barabarani halafu upande tuktuk au boda. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana lakini amka alfajiri.

MALINDI watu wanaiona ni ndugu wa Watamu, na ni kweli, mwaka mmoja zimetangazwa, ziko mwendo wa nusu saa na zote mbili ziko ndani ya eneo moja la UNESCO tangu 1979. Lakini kwa mtu wa boti ya kioo tofauti ni kubwa na inaitwa Sabaki. Ule mto unaanzia juu kabisa bara, ukiwa Athi, ukiwa Galana, unakusanya udongo wote wa Ukambani njia nzima unakuja kuumwaga kaskazini tu ya mji wa Malindi. Mvua ikinyesha huko juu, hata kama Malindi kwenyewe ni jua kali, utaona bahari imekuwa nyekundu. Ndo ile chai ya maziwa ya mavyaa. Kwa hivyo Malindi usiende kwa kuangalia mawingu ya Malindi, uliza mvua imenyesha wapi.

Ila usiitupe. Januari, Februari, mpaka katikati ya Machi Sabaki imepungua, na hapo Malindi inapendeza, matumbawe yana kina kidogo kuliko unavyodhani na samaki wamezoea watu. Kitatange nimewaona wengi zaidi Malindi kuliko Watamu, wale bapa wa njano na mistari myeusi, wanatembea wawili wawili kama mume na mke. Lango la KWS, shirika la wanyamapori, liko Casuarina, boti zinatokea hapo, watu wanajulikana, utaratibu upo. Na maji yakikupwa sana kuna fungu la mchanga linatokeza kule Mayungu, Waitaliano wamelipa jina Sardegna Due, boti nyingine zinaunganisha, kioo kwanza halafu mnashuka mchangani katikati ya bahari, watoto wanafurahi mpaka basi. Kama umefikia Malindi mjini na ni mwezi wa pili, hakuna sababu ya kuhangaika kwenda Watamu. Kama ni mwezi wa tano, sita, au Novemba ya mvua, panda gari nenda Watamu tu.

MOMBASA. Hapa nitasema ukweli na wenyeji wenzangu wanisamehe. Hifadhi yetu ya 1986 inaanzia karibu na mkono wa bahari wa Tudor mpaka huku kwetu Mtwapa, na hiyo mikono miwili inatoa maji yasiyo masafi kila yanapokupwa. Siku nzuri unaona vizuri, siku ya kawaida unaona nusu. Nyasi bahari ni nyingi, mchanga mwingi, matumbawe yapo lakini umbali kutoka jiwe hadi jiwe ni mrefu, na nahodha asiyependa kuchoma petroli atakuzungusha hapo hapo karibu na ufuo. Mara mbili imebidi niseme kwa upole, "Kaka, tupeleke mbele zaidi, hapa ni nyasi tu," na alipotupeleka mambo yakabadilika.

Lakini Mombasa ina faida ambazo sehemu nyingine hazina, na hizi si ndogo. Umeshuka SGR Miritini, una siku mbili, watoto wanne, pesa ya kuhesabu. Unapanda matatu mpaka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule watu wanauita Pirates, boti ziko pale, mnaweza kupatana, mkimaliza mnakula viazi karai na miwa ya kusaga mnarudi mlikofikia. Hakuna gharama ya safari ndefu. Na kwa mtoto wa miaka mitano ambaye hajawahi kuona samaki hai, kiti cha pweza mmoja mwekundu, yule wa umbo la nyota, kwenye nyasi bahari anatosha kumfanya azungumze mwaka mzima. Nilimuona binti wa shemeji yangu amelala kifudifudi juu ya kioo anamuaga kila samaki kwa mkono. Samaki wenyewe hawakuwa wengi, kwake ilikuwa dunia nzima.

Mombasa usiende Disemba tarehe 25 wala 26 wala Januari mosi, watu ni wengi mno, boti zinajazwa. Siku ya kazi asubuhi ndo tamu. Na bichi boi watakuzonga kumi kwa pamoja, usikasirike, hiyo ni kazi yao, sema tu "asante, nishapata mtu" endelea kutembea mpaka ufike kwa nahodha mwenyewe uongee naye yeye aliye na boti.

KISITE nitapita haraka kwa sababu ingawa kwa uzuri wa bahari naiweka juu ya zote tatu, si mahali pa boti ya kioo. Iko Shimoni, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, hifadhi ni kilomita za mraba 28, maji ya huko yanaangaza mpaka unaona kivuli cha boti yako mchangani. Ila unaenda kwa jahazi au boti kubwa mwendo mrefu kidogo baharini wazi, pana mkondo, pana mawimbi, na raha ya huko ni kushuka majini na maski. Asiyeogelea atabaki juu anaangalia wenzake. Atakachopata yeye ni pomboo, na wapo, wanakuja mara nyingi tu mkiwa njiani, halafu chakula cha kaa kisiwani Wasini kwa Wavumba, na ile njia ya mbao ya akina mama wa Wasini inayopita juu ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Kwa familia ambayo nusu wanaogelea na nusu hawaogelei mimi ningesema hivi, Kisite kwa waogeleaji, na mzee mumwachie Wasini na mwenyeji mzuri, asilazimishwe kwenda mpaka mwambani kukaa juani masaa mawili. Kutoka Mombasa sasa hivi unaweza kupita Dongo Kundu ukakwepa feri ya Likoni, safari imekuwa nyepesi.

Nimalizie na lile swali jingine, kioo au kuogelea na maski. Wengine wanasema kioo ni cha wasioweza, kama vile ni kitu cha pili. Mimi sikubali. Ukiwa majini unaona jiwe moja kwa undani, na unasikia, hicho kioo hakiwezi kukupa, chini kuna mlio wa kukatika katika kama mafuta yanachemka, ni uduvi na wenzake, na pono akiuma unamsikia kabisa kwaru kwaru. Lakini kwenye kioo mnaona pamoja. Bibi, mama na mjukuu wanamuona mkunga yule yule, samaki mrefu kama nyoka, kwa sekunde ile ile akitoa kichwa kwenye tundu na wanapiga kelele pamoja. Majini kila mtu yuko peke yake na maski yake. Na kwa nahodha anayejua, unafika mawe sita saba kwa saa moja, muogeleaji anafika mawili. Kama mnaweza, tafuteni boti ya kioo yenye ngazi, wanaoogelea wanashuka, wengine wanabaki, na wale wa juu wanawaona wenzao chini ya kioo wakipita na samaki.

Kabla hujatoa pesa, panda boti ikiwa bado ufuoni. Angalia kioo, kikiwa na mikwaruzo mingi au ukungu wa kijani kwa chini, mwambie akisafishe au tafuta nyingine. Hesabu laifu jaketi, ziwe sawa na watu, na ya mtoto iwe ya mtoto. Uliza mtakaa mwambani dakika ngapi, si safari nzima dakika ngapi. Bei patana ya boti nzima kama mko wengi, si ya kichwa, na uliza wazi kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani au hakimo, manake kile ni cha KWS, kinalipwa kwa simu kupitia eCitizen, na mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni wa nje kwa hivyo kitambulisho usisahau hotelini. Risiti ikuonyeshe jina lako, usikubali "nimeshakulipia" ya mdomo.

Mkate. Watakuletea mkate muutupe samaki waje. Kataa, na mweleze nahodha mapema kabla hajaukata. Wanaokuja kwa mkate ni wale wale wa mistari, wanajaa chini ya kioo wanaziba kila kitu, wewe unaona mikia tu na yule chewa aliyekuwa pangoni humuoni. Na mkate si chakula chao, kuna samaki pale kazi yao ni kula majani yanayoota juu ya tumbawe, wakishiba mkate tumbawe linafunikwa. Mwambie pesa ya mkate utamuongezea yeye, atafurahi.

Kichefuchefu kinampata mtu yeyote kwenye boti ya kioo hata asiyeugua kwenye gari, kwa sababu macho yanaangalia kitu kinachotembea chini na mwili unayumba. Chai ya tangawizi asubuhi, tumbo lisiwe tupu wala lisijae, na kila dakika chache nyanyua kichwa uangalie ufuo. Mzee akae katikati, nyuma karibu na injini kuna moshi.

Na utaona matumbawe yaliyokufa, sehemu zote hizi. Usidhani umedanganywa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la El Niño, vile vimea vya ndani vikatoka, matumbawe yakawa meupe pwani nzima na mengi hayakurudi, na joto limerudi tena miaka ya karibuni. Jeupe pee linaumwa, bado linaweza kupona maji yakipoa. La kahawia lenye nywele nywele limekufa. Ukiwa na watoto waonyeshe tofauti, wanaelewa haraka kuliko sisi. Mimi kila nikiona tawi dogo jipya la zambarau limeota juu ya mfu naomba nahodha asimame kidogo hapo.

Mavyaa ile siku ya Watamu kasa alimuona tukiwa tunarudi, maji yameanza kujaa, wote tumeshaacha kuangalia chini. Alikuwa peke yake bado ameinama. Akaniita kwa sauti ya chini kabisa, "Njoo, njoo, anakula." Kasa mkubwa kwenye nyasi, anakata majani kama ng'ombe, akainua kichwa akatutazama kupitia kioo, akaendelea kula. Disemba hii anakuja tena na dada yake mkubwa ambaye hajawahi kuiona bahari. Kalenda nimeshaifungua, nawangojea na mwezi kumi na saba.